Njia ya Kumbukumbu katika Ubongo wa Panya

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha katika nyanda za Mbozi, Momba na viunga vya Tunduma, aghalabu kuanzia mwezi wa Novemba, mkulima hupanda mahindi yake kwa mistari. Usiku huohuo adui wake huanza kazi. Panya shamba hufukua mbegu shimo baada ya shimo, akiufuata mstari kana kwamba yeye ndiye aliyeupanda. Asubuhi mkulima hukuta mashimo matupu. Humlazimu atafute mbegu nyingine na kupanda upya, ilhali msimu unampita.

Pua ya panya ni kali, na harufu ya mbegu humwongoza. Lakini harufu peke yake haielezi mambo yote. Panya hutoka shimoni gizani, huenda penye chakula, huepuka mahali alipokwisha kula, kisha hurudi nyumbani haraka kabla ya bundi kumwona. Ili afanye hayo hana budi kukumbuka mahali, na tena hana budi kuitumia kumbukumbu hiyo kuamua aelekee wapi. Kukumbuka na kuamua ni kazi mbili. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba kazi hizo hufanywa na sehemu mbili za ubongo zilizo mbalimbali, na kwamba kati ya sehemu hizo ipo njia maalumu ya nyuzi za neva. Njia hiyo ikizibwa, panya hukosea, hata kama sehemu zenyewe ni nzima.

Uchunguzi mwingi unaoelezwa hapa ulifanywa kwa panya wa maabara, ambaye si panya shamba wa Songwe. Hata hivyo wanyama hao wawili ni wa ukoo mmoja, na mpango wa jumla wa ubongo wao ni uleule ulio katika mamalia wengine, akiwamo binadamu.

SEHEMU MBILI ZA UBONGO

Ubongo wa panya wa maabara una uzito wa gramu 2 hivi, ukilinganishwa na gramu 1,300 hadi 1,400 za ubongo wa mtu mzima. Ndani ya gramu hizo chache mna seli za neva zipatazo milioni 200. Kila seli hupeleka habari kwa seli nyingine kwa njia ya uzi mwembamba. Mahali uzi huo unapokutana na seli ya pili panaitwa sinapsi. Hapo ishara ya umeme hugeuzwa kuwa kemikali, ambayo huvuka upenyo mdogo sana na kuiamsha au kuituliza seli inayopokea.

Sehemu ya kwanza inayohusika na habari hii huitwa hipokampasi. Jina hilo lilitolewa katika karne ya 16 na mwanaanatomia wa Italia, Giulio Cesare Aranzi, aliyeona kwamba umbo lake katika ubongo wa binadamu linafanana na farasi wa baharini. Ziko hipokampasi mbili, moja kila upande. Katika panya, kila moja imepinda kama pembe ya ng'ombe, ikianzia juu karibu na katikati ya ubongo na kushuka kuelekea pembeni.

Sehemu ya pili ni gamba la mbele, yaani tabaka la seli lililo katika ncha ya mbele ya ubongo. Katika binadamu gamba hili ni kubwa na limejaa nyuma ya paji la uso. Katika panya ni dogo, na wataalamu wamejadiliana kwa miaka mingi ni kwa kiasi gani linalingana na la binadamu. Wanachokubaliana ni kwamba panya aliyeharibika sehemu hii hushindwa kubadili mwenendo wake masharti yanapobadilika, na hushindwa kushikilia jambo akilini kwa muda ili alitumie.

RAMANI ILIYOMO KICHWANI

Umuhimu wa hipokampasi ulidhihirika kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana aliyekuwa na kifafa kikali, akamwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini kijana huyo hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu za mambo mapya yaliyompata. Alikutana na mtu, akazungumza naye, na baada ya muda mfupi akawa hajui kama waliwahi kuonana. Scoville na mwanasaikolojia Brenda Milner walieleza habari hizo mwaka 1957, na tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wakaanza kuichunguza hipokampasi kwa makini.

Kwa upande wa panya, mwanasaikolojia Edward Tolman wa Chuo Kikuu cha California alikuwa amekwisha kutoa hoja mwaka 1948 kwamba panya hajifunzi mfululizo wa kugeuka kulia na kushoto tu, bali hujichorea ramani kichwani. Wengi hawakukubali. Mwaka 1971, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky wa London walitia nyaya nyembamba katika hipokampasi ya panya aliyekuwa akitembea huru. Waliona kwamba baadhi ya seli zilitoa ishara panya alipofika mahali fulani tu. Seli moja ilikuwa ya pembe hii, nyingine ya pembe ile. Mwaka 2005, May-Britt Moser na Edvard Moser pamoja na wenzao nchini Norway walitangaza seli nyingine, jirani na hipokampasi, ambazo hutoa ishara katika vituo vilivyopangika kama vipimo vya ramani. Kwa kazi hiyo O'Keefe na akina Moser walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Kwa hiyo ramani ipo. Lakini ramani haiendi sokoni yenyewe. Lazima awepo anayeisoma, ajue anataka nini, na akumbuke alikopita asubuhi. Kwa panya, kazi hiyo huhitaji gamba la mbele. Swali likawa: habari za ramani hufikaje huko?

MAHARAGE YALIVYOSAIDIA KUICHORA NJIA

Mwaka 1981, mtafiti Larry Swanson wa Marekani alionyesha kwamba katika panya zipo nyuzi zinazotoka katika hipokampasi na kufika moja kwa moja kwenye gamba la mbele, bila kupumzika katika kituo chochote. Kuzifuata nyuzi hizo moja moja lakini kulihitaji chombo bora zaidi, na chombo hicho kilipatikana katika mmea unaofahamika vizuri na kila kaya ya Mbozi na Ileje, yaani maharage.

Maharage mabichi yana protini inayonata kwenye seli. Ndiyo inayomfanya mtu atapike akila maharage yasiyoiva, na ndiyo sababu maharage hayana budi kuchemshwa sawasawa, kwani moto huiharibu protini hiyo. Mwaka 1984, Charles Gerfen na Paul Sawchenko walieleza jinsi aina mojawapo ya protini hiyo inavyoweza kutumiwa kuchora njia za ubongo. Kiasi kidogo mno huingizwa mahali panapochunguzwa. Seli za hapo huipokea na kuisafirisha ndani ya nyuzi zao mpaka mwisho kabisa. Baada ya siku kadhaa ubongo hukatwa vipande vyembamba na kutiwa dawa inayoitambua protini hiyo. Chini ya hadubini nyuzi huonekana kama mistari ya wino, na kila tawi lake laweza kuhesabika.

Kwa kutumia njia hiyo, Thérèse Jay na Menno Witter walichapisha mwaka 1991 ramani kamili ya muungano huu katika panya. Nyuzi nyingi hutoka katika sehemu ya chini na ya kati ya hipokampasi; sehemu ya juu haitoi nyuzi za namna hiyo kwa wingi. Huelekea mbele na kuishia katika maeneo ya ndani na ya chini ya gamba la mbele. Jambo moja lilikuwa na faida kubwa kwa watafiti waliofuata: nyuzi za hipokampasi ya kulia huenda gamba la kulia, na za kushoto huenda la kushoto. Ziko njia mbili zinazokwenda sambamba.

Habari nazo hurudi, lakini si kwa njia ileile. Gamba la mbele hutuma ujumbe wake wa kurudi hasa kwa kupitia kituo kidogo kilicho katikati ya ubongo, ndani ya thalamasi, ambacho huupokea na kuupeleka kwenye hipokampasi. Mwaka 2015 watafiti wa Norway walionyesha kwamba kituo hicho kikizimwa, seli za hipokampasi hupoteza sehemu ya habari zinazoeleza panya anakusudia kuelekea wapi.

JARIBIO LA KUZIBA NJIA

Kuwapo kwa uzi kati ya sehemu mbili hakuthibitishi kwamba uzi huo una kazi maalumu. Ili kulithibitisha hilo ilibidi njia izibwe huku sehemu zenyewe zikiachwa zifanye kazi.

Hapa mfano wa Tunduma unaweza kusaidia. Mji huo umepitiwa na njia mbili zinazotoka Dar es Salaam kwenda Zambia, yaani barabara kuu na reli ya Tazara iliyokamilika mwaka 1975, ambayo ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Tuseme mtu ameizuia reli huko inakoanzia, Dar es Salaam, na ameizuia barabara huko Kapiri Mposhi. Dar es Salaam bado ina barabara iliyo wazi ya kutolea mizigo, na Kapiri Mposhi bado ina stesheni nzima ya kupokelea. Kila mji una mlango mmoja unaofanya kazi. Hata hivyo hakuna hata gunia moja litakalofika, kwa sababu kila njia imefungwa upande mmoja.

Stan Floresco, Jeremy Seamans na Anthony Phillips wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walifanya hivyohivyo katika ubongo wa panya na kutangaza matokeo yao mwaka 1997. Walitumia jukwaa lenye njia 8 zinazotoka katikati kama spoki za gurudumu la baiskeli. Kwanza panya aliruhusiwa kuingia katika njia 4 tu na kula chakula kilichokuwa mwishoni mwa kila moja. Kisha aliondolewa kwa dakika 30. Aliporudishwa, njia zote 8 zilikuwa wazi, lakini chakula kilikuwa katika zile 4 ambazo hakuziingia mwanzoni. Panya aliyefunzwa vizuri hakupoteza muda. Alielekea kwenye njia mpya, kama mchumaji arudiye shambani na kuanza na mstari aliouacha.

Baadaye watafiti walitumia dawa ya ganzi ya aina ileile wanayoitumia madaktari wa meno. Waliitia katika hipokampasi ya upande mmoja na katika gamba la mbele la upande wa pili. Kila panya alibaki na hipokampasi moja nzima na gamba moja zima, ila njia ya moja kwa moja kati yake haikuwapo. Matokeo yalikuwa wazi. Panya walirudi mara kwa mara kwenye njia walizokwisha kula. Lakini walipopewa kazi nyingine, ya kutafuta chakula papo hapo bila kungoja dakika 30, kuikatiza njia hiyo hakukuwadhuru. Kwa hiyo hawakuwa wamelewa, wala hawakupoteza hamu ya chakula au nguvu za miguu. Kilichokosekana ni uwezo wa kuichukua kumbukumbu ya jambo lililopita na kuitumia kupanga hatua inayofuata.

MDUNDO WA PAMOJA NA KAZI YA USINGIZI

Panya anapotembea, hipokampasi yake hutoa mawimbi ya umeme yenye mdundo wa mara 6 hadi 10 hivi kwa sekunde. Huitwa mawimbi ya theta. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli nyingi za gamba la mbele hutoa ishara zake kwa kuufuata mdundo huo. Matthew Jones na Matthew Wilson waliona pia kwamba ulinganifu huo huongezeka pale panya anapotakiwa kuikumbuka njia ili achague, na hupungua pale anapochagua vibaya. Ni kama watwangaji wawili katika kinu kimoja: wakipishana vizuri kazi huenda, mdundo ukipotea, michi hugongana.

Njia hii pia hubadilika kwa matumizi. Mwaka 1990, Serge Laroche na wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba nyuzi za hipokampasi zikisisimuliwa kwa mfululizo wa haraka, sinapsi zake katika gamba la mbele huimarika, na ishara zinazofuata hupita kwa nguvu zaidi kwa muda mrefu. Kuimarika kwa namna hiyo huhesabiwa kuwa mojawapo ya misingi ya kujifunza.

Kazi haikomi panya akilala. Katika usingizi mzito hipokampasi hutoa mishituko mifupi sana ya umeme, na ndani yake seli za mahali hurudia mifuatano ya safari za mchana. Mwaka 2016, watafiti wa Paris waliwaonyesha panya vitu viwili kwa dakika 3 tu, muda usiotosha kwa panya kukumbuka kesho yake vilikokuwa. Kisha, wakati wa usingizi, waliuimarisha kwa umeme mfuatano wa mishituko ya hipokampasi na mawimbi ya gamba. Kesho yake panya hao walikumbuka. Jaribio hilo lilionyesha kwamba mazungumzo ya sehemu hizi mbili wakati wa usingizi si mwangwi tu wa kumbukumbu, bali husaidia kuijenga.

FAIDA KWA MKULIMA NA KWA MGONJWA

Watanzania wameyaona manufaa ya akili ya wagugunaji katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku tangu mwaka 2000. Panya hao hujifunza kutambua harufu ya mabomu ya ardhini na ya kifua kikuu katika makohozi, kwa kupewa chakula kila wanapopatia. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia. Mnyama anayeweza kufunzwa hivyo kwa subira ndiye jamaa wa mwizi wa mbegu wa Songwe, na mwizi naye hujifunza.

Mkulima anapaswa kuizingatia sifa hiyo. Panya akila kiasi kidogo cha sumu kali, akaugua bila kufa, huikataa sumu hiyo baadaye. Chuki hiyo ya ladha hutegemea zaidi sehemu nyingine za ubongo, lakini fundisho lake ni moja: sumu iliyotegwa ovyo na kwa kipimo kidogo humwelimisha panya badala ya kumwua. Ndiyo maana wataalamu hushauri chambo kisicho na sumu kitangulie kwa siku kadhaa, ili panya wakizoee kwanza. Kadhalika wakulima wa mashamba yanayopakana hufanikiwa zaidi wanapofyeka vichaka na kutega kwa wakati mmoja, kwa maana panya aliyekwisha kulijua eneo hahesabu mipaka ya mashamba.

Jambo zito zaidi linamhusu binadamu. Mwaka 2004, Thérèse Jay na wenzake waliwaweka panya juu ya jukwaa la juu, jambo linalowatia hofu, na wakakuta kwamba baada ya hapo sinapsi za njia hii hazikuweza tena kuimarika kama kawaida. Dawa zinazotumiwa kutibu huzuni ya maradhi ziliurudisha uwezo huo. Mwaka 2010, watafiti wa New York walichunguza panya wadogo wa maabara wenye kasoro ya urithi ambayo kwa binadamu huongeza sana hatari ya kupata skizofrenia. Katika wanyama hao mdundo wa hipokampasi na wa gamba la mbele haukulingana vizuri, na kadiri ulivyopungua kulingana ndivyo walivyochelewa kujifunza kazi ya kukumbuka.

Matokeo ya panya hayawezi kuhamishiwa kwa mtu bila tahadhari. Lakini yanaondoa dhana moja ya zamani. Mtu anayeshindwa kupanga mambo yake, anayerudia kosa lilelile, au anayepoteza mfuatano wa mawazo kwa sababu ya ugonjwa wa akili, si lazima awe mvivu, wala hakuna sababu ya kudhani amelogwa. Huenda kumbukumbu zake zipo na uwezo wake wa kuamua upo, ila mawasiliano kati ya hivyo viwili yamedhoofika. Mahali pake ni hospitali, kama ilivyo kwa mtu aliyevunjika mguu.

Katika mashamba ya Mbozi na Momba, panya ataendelea kuwa adui wa mbegu, na mkulima ana haki ya kumpiga vita. Katika maabara, nyuzi chache zilizo ndani ya kichwa chake zimewafundisha wanasayansi kwamba kumbukumbu isiyofika mahali pa uamuzi haimsaidii mwenye nayo.